SIKUKUU YA KUZALIWA YA MTOTO: SAFARI YA ANGANI KWA SHILINGI 18,000

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Siku hizi desturi ya kufanya sikukuu ya kuzaliwa imeenea sana katika miji na vijiji vyetu, toka Shinyanga na Kahama hata Geita na Katoro. Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na njia yao ya kukumbuka kuzaliwa kwa mtoto: walimpa jina la kuonyesha alivyozaliwa. Pacha wa kwanza akaitwa Kulwa, wa pili Doto, na aliyezaliwa wakati wa mvua akaitwa Mabula. Jina lenyewe ndilo lililokuwa ukumbusho, wala halikugharimu hata senti moja. Sasa twahesabu miaka, tena twakata keki. Kuhesabu miaka si vibaya. Kilicho kibaya ni kwamba wazazi wengine hukopa fedha za riba kubwa, zile ziitwazo kausha damu, ili mtoto wao asionekane duni mbele ya wenzake. Sikukuu huisha jioni, lakini deni hubaki nyumbani miezi mingi.

Katika makala haya nataka kuonyesha namna ya kumfanyia mtoto sikukuu ya hadithi za kubuni za kisayansi, yaani hadithi za roketi, sayari na mitambo ya kesho, kwa fedha kidogo. Nitaeleza pia elimu iliyomo ndani yake, kwa kuwa mchezo usio na elimu ni nusu ya mchezo.

1. SABABU YA KUFANYA HIVYO

Nyumbani kwetu ni katika wilaya ya Geita. Baba ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Mwezi wa Desemba uliopita mdogo wangu alitimiza miaka 8, na wakati huo duara la baba lilikuwa halijatoa kitu kwa miezi miwili. Mdogo wangu alikuwa amekwenda katika sikukuu ya mtoto wa jirani mwenye duka, akaona keki ya ghorofa mbili na muziki wa kukodi. Alirudi kimya. Baadaye aliniuliza, "Dada, mimi nikikua nitapanda roketi, au nitashuka duarani kama baba?"

Swali hilo si dogo. Kazi ya duarani si ya aibu. Ndiyo iliyonilipia daftari na sare. Lakini wako watoto wa umri wake wanaoshinda karibu na makarasha wakisubiri kuokota mawe, na wengine wameacha shule kabisa. Mtoto asiyewahi kuonyeshwa jambo jingine hawezi kulitamani. Basi mama alinipa shilingi 20,000 akasema, "Mwanangu, hizi ndizo zilizopo. Usimkopee mtu." Tukaalika watoto 12.

2. HADITHI ZA ANGANI ZILIFIKA KWETU ZAMANI

Mtu asidhani kwamba mambo ya angani ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1863 mwandishi Mfaransa Jules Verne alitoa kitabu juu ya wasafiri watatu waliopaa kwa puto kubwa. Safari yao ilianza Unguja, ikapita Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ikafika Ziwa Victoria. Maana yake ni kwamba mmojawapo wa vitabu vya kwanza vya aina hii ulipita katika anga ya nchi yetu! Lakini Verne alikuwa hajafika Afrika, na katika hadithi yake watu wa Kazeh wanadhani puto ni mwezi. Tukisoma hayo yatupasa kujiuliza: je, sisi tungeandika nini kama kalamu ingekuwa mikononi mwetu?

Jibu lipo. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alitoa riwaya ya Kiswahili iitwayo Walenisi. Ndani yake mtu aitwaye Dzombo amehukumiwa kufa, akatiwa katika chombo cha kuruka ili aangamie, lakini akafika nchi ngeni yenye haki. Jina la nchi hiyo ukilikata vipande lasema "wale ni sisi". Tena mwaka 2009 Wanuri Kahiu, naye wa Kenya, alitengeneza filamu fupi ya dakika kama 20 iitwayo Pumzi. Yasimulia wakati ujao baada ya vita vya kugombea maji. Watu wanaishi wamefungiwa ndani, na msichana aitwaye Asha anapata mbegu iliyo hai, akatoroka kwenda kuipanda jangwani.

Na si hadithi tu. Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo kimoja cha kusikiliza chombo chake kilikuwa Unguja. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iliondoka katika jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapeleka setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Nilipomweleza mdogo wangu hayo hakuamini, akataka nilitamke jina hilo mara ya pili.

3. MATUMIZI YA FEDHA

Haya ndiyo matumizi yetu, kwa bei tulizonunulia sisi:

Unga wa ngano kilo 2: sh. 4,000
Sukari kilo 1: sh. 3,000
Mafuta ya kupikia nusu lita: sh. 3,000
Hamira na iliki: sh. 1,000
Ukwaju na ubuyu: sh. 2,000
Karatasi za manila: sh. 2,000
Siki na magadi: sh. 1,500
Maputo: sh. 1,000
Mishumaa: sh. 500
Jumla: sh. 18,000

Gawanya kwa watoto 12, utapata shilingi 1,500 kwa kila mtoto. Shilingi 2,000 zilizobaki nilimrudishia mama. Vitu vingine vyote, yaani maboksi, chupa za plastiki, vizibo vya soda, uzi, viroba, karanga na viazi, vilipatikana bila kununua. Siri ya kwanza ni kuanza kukusanya wiki mbili kabla. Mwenye haraka hununua.

4. ONYO JUU YA VYOMBO

Hapa nawaomba wenzangu wa Geita, Kahama na Nyang'hwale wasome polepole. Mtu atafutaye makopo na chupa ataona vyombo vingi karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu. Asiviguse. Madumu na chupa za huko huenda vilitiwa zebaki au sayanidi, na kuosha kwa sabuni hakutoshi kuvifanya salama.

Zebaki ni metali ya majimaji inayong'aa, na watoto huipenda kwa kuwa yakimbia kama shanga. Ikipata joto hutoa mvuke usioonekana, na mvuke huo ukivutwa huingia mwilini ukadhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Watoto wadogo na mimba ndio wadhurikao zaidi. Huko Minamata, Japani, watu waliokula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani walipata ugonjwa mkali, uliotambuliwa mwaka 1956. Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya mkataba mwaka 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki, na Tanzania imo. Basi vifaa vya sikukuu vitoke jikoni, dukani na shuleni tu. Wala watoto wasichezee karibu na mashimo ya zamani ya wachimbaji, hata kama yafanana na mashimo ya mwezini.

5. MAVAZI NA CHOMBO

Chombo cha angani tulikifanya kwa maboksi matatu makubwa yaliyounganishwa kwa kamba, chini ya mwembe. Vizibo vya soda vilikuwa vitufe vya mitambo, na vifuniko vya ndoo vilikuwa madirisha. Mavazi yalikuwa viroba safi vya unga vilivyotobolewa mahali pa kichwa na mikono.

Kofia za wanaanga hufanywa hivi. Pika gundi ya unga wa ngano na maji. Jaza puto, kisha bandika vipande vya magazeti juu yake, tabaka nne, ukiacha sehemu ya shingo. Acha siku mbili zikauke, pasua puto, kisha kata nafasi ya uso. Watoto wachanga wasiachiwe vipande vya puto, maana huweza kuvimeza vikawakaba.

Pembeni mwa nafasi ya uso tulibandika karatasi za rangi ya dhahabu. Hilo nalo lina somo. Kioo cha kofia za wanaanga waliotembea mwezini kilipakwa dhahabu halisi, tabaka jembamba sana, ili kurudisha joto na mwanga mkali wa jua. Na darubini ya James Webb, iliyorushwa angani tarehe 25 Desemba 2021, ina vioo 18 vilivyopakwa dhahabu. Dhahabu yote ya vioo hivyo ni gramu 48 hivi tu. Baba yangu, ambaye hupima kazi yake kwa gramu, aliposikia hayo alicheka, kisha akauliza mengi kuliko watoto.

Aliuliza hata dhahabu yenyewe yatoka wapi. Wataalamu waeleza kwamba madini mazito kama dhahabu hufanyika nyota nzito mno zinapogongana. Tarehe 17 Agosti 2017 waligundua mgongano wa namna hiyo, na katika mwanga wake wakaona dalili za madini mazito yakifanyika. Kwa hiyo mchimbaji wa Geita anachimba kitu kilichofanyika angani kabla dunia haijakuwapo.

6. MICHEZO MITATU YENYE ELIMU

Mchezo wa kwanza: roketi ya puto. Funga uzi wa mita 10 baina ya miti miwili, baada ya kuupitisha katika ganda tupu la kalamu. Jaza puto, shika mdomo wake, libandike kwenye ganda kwa gundi ya karatasi, kisha achia. Hewa hutoka nyuma, puto hukimbia mbele. Hii ndiyo kanuni ya tatu ya mwendo ya Isaac Newton, aliyoitangaza mwaka 1687: kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo, yenye kuelekea upande wa pili. Roketi kubwa huenda kwa kanuni hiyo hiyo. Wape watoto kazi ya kupima: puto lililojaa nusu lilifika wapi, na lililojaa kabisa lilifika wapi?

Mchezo wa pili: roketi ya siki. Huu hufanywa na mtu mzima, nje, watoto wakiwa wamesimama hatua 15 nyuma. Tia kikombe kidogo cha siki katika chupa ya plastiki ya nusu lita. Saga magadi ya kupikia maharage, funga kijiko kimoja katika karatasi laini, tumbukiza, kisha ziba kwa kipande cha gunzi kilichovingirishwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kizibo kisikazwe sana. Pindua chupa haraka, isimamishe katika kopo pana, uondoke. Siki na magadi vikikutana hutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Hewa hujaa, husukuma kizibo na maji chini, na chupa huruka juu. Usitumie kamwe chupa ya kioo wala kifuniko cha kukaza. Chupa isiporuka, mtu asiinamie kuichungulia. Aiache mpaka itulie.

Mchezo wa tatu: mashimo ya mwezi. Jaza beseni mchanga mkavu, nyunyiza majivu baridi juu. Watoto wadondoshe vijiwe vya ukubwa mbalimbali toka urefu wa goti, kiuno na bega. Wataona kwamba kijiwe kikitoka juu zaidi hufanya shimo kubwa zaidi. Hapo waeleze kwamba mawe ya angani yameanguka Tanzania pia. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kina uzito wa tani 16 hivi, nacho karibu chote ni chuma. Kingine kilianguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938. Kilikuwa hakifiki kilo moja, lakini ni cha maana sana, hata aina nzima ya vimondo adimu imepewa herufi ya kwanza ya Ivuna. Chombo cha Japani kilipoleta mchanga wa kisayari Ryugu mwaka 2020, wataalamu waliona wafanana mno na aina hiyo ya Ivuna.

Mchezo mmoja tuliuacha kwa makusudi. Mwaka 1964, Zambia ilipokuwa ikipata uhuru, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba atapeleka watu angani, akawazoeza vijana kwa kuwaviringisha mlimani ndani ya pipa. Magazeti ya dunia yalimcheka. Mimi nadhani nia yake ya kuthubutu ifaa kuigwa, ila pipa lake lisiigwe, maana mtoto aweza kuvunjika shingo.

7. CHAKULA

Badala ya keki tulikaanga maandazi yaliyokatwa kwa umbo la nyota na mwezi mwandamo, tukayapanga juu ya sinia kwa mfano wa kundi la nyota za Kilimia, nyota ambazo wakulima wa zamani walizitazama ili wajue majira. Mishumaa 8 ilisimamishwa katikati ya viazi.

Chakula cha safari kilikuwa michembe na matobolwa. Watoto wengine waliguna, wakisema hicho ni chakula cha bibi. Nikawaeleza kwamba wanaanga nao hula vyakula vilivyokaushwa, kwa sababu ni vyepesi, havichukui nafasi, wala haviozi upesi. Wasukuma walikausha viazi ili viwafikishe mwisho wa kiangazi. Wanaanga hukausha vyakula ili viwafikishe mwisho wa safari. Akili ni ile ile moja. Baada ya maelezo hayo sahani ilirudi tupu.

8. SAFARI YA SAYARI KAVU

Hiki ndicho kilele cha sikukuu. Kila mtoto alipewa kazi: nahodha, fundi, mganga, mpishi, mpima njia, mtunza maji, na kadhalika. Mtoto wa sikukuu si lazima awe nahodha. Mdogo wangu alichagua kuwa mtunza maji. Chombo kilipewa lita 3 tu za maji ya kunywa kwa watu 12. Mtunza maji alipaswa kugawanya: mililita 3,000 kwa 12 ni mililita 250 kwa kila mmoja. Alikokotoa kwa kijiti mchangani, akapata sawasawa.

Chombo kilipotua, wasafiri walikuta sayari isiyo na mti. Kazi yao ilikuwa kuihuisha. Hapo niliwaeleza habari za Shinyanga, ambayo watu waliwahi kuiita jangwa. Misitu ilikatwa ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba, mifugo ikazidi, ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hata mwaka 2004. Jambo kubwa lililofanyika ni kuirudisha desturi ya zamani ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa masika, ili majani na miti vipate kukua na kufaa wakati wa kiangazi. Nchi ikaanza kurudi kijani. Kwa hiyo yale Asha aliyoyataka katika filamu ya Pumzi, watu wa Shinyanga waliyafanya kwa mikono, na dawa yao ilitoka kwa mababu.

Kisha kila mtoto alipewa mbegu 3 za mkwaju. Mbegu hizi tulizitoa katika ukwaju kabla ya kuuchemsha, maana mbegu iliyopikwa haioti, tukaziloweka usiku mmoja. Mti huu hustahimili ukame. Kila mtoto alipanda mbegu moja uani kwetu na kuchukua mbili kwao. Desemba ni mwezi wa mvua, nazo zikaota. Niliporudi likizo ya mwezi wa nne nilikuta miche 7 ingali hai, na mdogo wangu ameizungushia miiba asije mbuzi akaila.

9. MWISHO

Wazazi wapendwa, mtoto hakumbuki bei ya sikukuu. Hukumbuka alichokifanya siku hiyo kwa mikono yake. Walimu wetu waweza kufanya michezo hii katika klabu ya sayansi, na sisi wanafunzi wa bweni twaweza kuwafanyia wadogo zetu wakati wa likizo. Mdogo wangu hajasema tena atapanda roketi au atashuka duarani. Sasa aniuliza ni masomo gani yafaa kwa mtu anayetaka kutengeneza setilaiti, nami nimemjibu kwamba aanze na hesabu.

MASWALI

1. Kwa nini puto huenda mbele hewa inapotoka nyuma?
2. Taja sababu mbili za kutotumia vyombo vilivyotoka katika mialo ya dhahabu.
3. Ikiwa chombo kina lita 4 za maji na wasafiri 16, kila mmoja atapata mililita ngapi?
4. Matobolwa na chakula cha wanaanga vinafanana kwa mambo gani?
5. Ngitili ni nini? Muulize mzee mmoja wa kijijini kwenu, uandike majibu yake.
6. Tunga hadithi ya ukurasa mmoja juu ya kijiji chenu mwaka 2100.